Kaburi la Mwana Aziza

Sadick alikuwa na mdomo. Hilo hata wasiompenda pale kisiwani Chole walilikubali. Hifadhi ya Bahari ilipoanza kuleta wageni, na vijana wakatafutwa wa kuwatembeza, wenzake walikesha wakikariri tarehe: Wajerumani waliingia lini, walitoka lini, nani alijenga jumba lipi. Sadick hakujisumbua na tarehe. Aliwapeleka wageni kwenye boma lililomezwa na mizizi, kwenye gereza lisilo na paa, kwenye msikiti wa kale uliobakiwa na kibla na ukuta mmoja, na kila alipowasimamisha alikuwa na neno la kuwaambia. Wageni wakirudi Utende, ng'ambo kwenye hoteli zao, walimsifia kwa wenzao, na wenzao wakija walimuulizia kwa jina.

Sasa nyuma ya ule msikiti palikuwa na tuta refu la mawe, limeota majani, limezungukwa na kijiukuta. Sadick alilijua vizuri. Marehemu baba yake alikwisha kumwambia kwamba pale ndipo mafundi wa zamani walipochoma matumbawe wapate chokaa ya kujengea. Tanuri la chokaa, basi. Lakini nani atatoka Ulaya aje kutazama tanuri la chokaa? Siku moja mama wa Kizungu alisimama pale, akauliza amezikwa nani. Sadick alifungua mdomo aseme kweli, kikatoka kitu kingine kabisa. Alisema amezikwa Mwana Aziza, binti wa mkubwa wa mji, aliyejifungua mtoto asiye na uhai, naye akamfuata mwanawe baada ya siku chache, wakalazwa kaburi moja, mtoto kifuani pa mama.

Yule mama alilia. Tangu hapo Mwana Aziza akawa ndiye kituo kikuu cha matembezi, na Sadick akawa anamwongezea leo nywele, kesho marashi, keshokutwa baba mkali.

Uongo ule ulizaliwa kwa Kiingereza, lakini haukukaa huko. Waongoza wageni wengine waliudaka wakaupeleka majumbani kwao, na majumbani ukashuka ufukweni kwa kina mama wa mwani. Hakuna aliyesema Sadick ametunga. Walisema, "Kumbe!" Haukupita muda, kitambaa cheupe kikaonekana kimefungwa kwenye kichaka kilichoota juu ya lile tuta. Kisha cha pili. Kisha kifuu chenye majivu ya ubani. Wanawake waliokuwa wanatafuta mtoto walikuwa wanakuja kuweka nadhiri.

Kile kitambaa cha kwanza Sadick alikicheka. Cha pili hakukicheka. Alijua kwamba siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kusema, na hakusema. Alijiambia kuomba hakumdhuru mtu. Na kuna jambo jingine ambalo hakupenda hata kulifikiria: wageni walivipenda sana vile vitambaa, wakavipiga picha, na hadithi ikanoga zaidi. Mwenye haya angekoma hapo. Sadick aliendelea, akawa tu anatazama pembeni akifika kwenye kile kichaka.

Ndipo likaja kundi la walimu. Walitoka Kilindoni na Baleni, wakati wa likizo, wengi wao watu wa bara ambao walikuwa wamefundisha Mafia miaka na miaka bila kuvuka kwenda Chole. Aliyewaongoza ni Mwalimu Elineema, mtu wa Upare, sauti kubwa, kofia ya majani, maswali hayaishi. Pamoja naye alikuwapo Mwalimu Angela, binti mpole aliyekuwa na mwavuli. Sadick alifurahi kuwapokea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutembeza kundi zima la Waswahili, na alitaka waseme kwamba Chole nako kuna mtu.

Mambo yalikwenda vizuri. Bomani walicheka, gerezani walisikitika. Walipofika msikitini Elineema alisita mlangoni, ijapokuwa mlango wenyewe haukuwapo.

"Tuvue viatu? Maana naona ni magofu tu."

"Hata bila paa ni msikiti, mwalimu," Sadick akamjibu.

Wakavua wote, wengine wakaruka-ruka kwa miiba huku wakichekana. Sadick alijiona mtu wa maana. Wakatokea upande wa pili, viatu mkononi, na hapo harufu ya ubani ikawapokea.

Kwenye tuta walikuwapo wanawake wawili wamekaa chini. Mmoja ni Bimkubwa, mama wa makamo, mkulima wa mwani, ambaye ulimi wake uliogopwa kijiji kizima. Wa pili ni Warda, mke wa Sadick. Asubuhi alimuaga kwamba anakwenda kwenye mwani. Mbele yake palikuwa na chetezo chao cha nyumbani, na juu kichakani kitambaa kipya, kilichochanwa kwenye shuka ambayo Sadick aliijua.

"Shikamoo mama," walimu wakaamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmekuja kumzuru Mwana Aziza?" Bimkubwa aliwasogelea kwa furaha. "Basi mna bahati. Mwenye habari zake ndiye huyo mnayefuatana naye. Na huyu hapa ndiye mkewe."

Walimu wakashangilia, wakamsalimu Warda. Warda aliona haya kidogo kwa kufumaniwa, akavuta kanga kichwani, lakini uso wake ulikuwa na nuru ambayo Sadick hakuiona siku nyingi.

"Tueleze basi," Angela akasema, akifunga mwavuli wake kwa heshima.

"Ndiyo, na mimi nisikie," Warda akadakia. "Mie nimesikia vipande vipande tu, kwa watu. Huyu husimulia wageni. Nyumbani hasemi neno."

Watu wakacheka. Sadick naye akacheka, mdomo mkavu.

Angeweza kusema jua kali, twendeni tukawaone popo wakubwa wa kisiwani, ambao wageni wote hupelekwa kuwatazama. Angeweza kusema hili ni tanuri la chokaa. Lakini mbele ya Bimkubwa? Mbele ya walimu waliovua viatu kwa neno lake? Mbele ya Warda, na shuka yao ikipepea pale juu? Aibu ya kusema aliiona kubwa kuliko aibu ya kunyamaza, na hapo ndipo alipojiponza. Aliamua ataikata fupi, amalize, awaondoe.

Akaanza. Ila mdomo uliozoea safari haukubali kukatishwa njiani. Mwana Aziza akawa na nywele zake, na marashi yake, na baba mkali. Kwa Kiswahili hadithi ilikuwa nzito zaidi, na walimu walikuwa wanamsikiliza kwa namna ambayo Wazungu hawakuwahi kumsikiliza. Utamu ukamnogea. Akafika chumbani, uchungu, mtoto asiyelia. Akafika pale wanawake walipotaka kumfunika mtoto.

"Mwana Aziza akasema, 'Msimfunike uso. Mwacheni anione kwanza, anijue mimi ndiye mamake.'"

Neno lilipokwisha kumtoka, akalisikia.

Halikuwa la Mwana Aziza. Lilikuwa la Warda. Mwaka juzi, katika chumba chao wenyewe, mimba ya miezi saba ilipotoka, Warda aliyasema maneno hayo hayo, kwa sauti ile ile ya chini, na Sadick aliyasikia akiwa amesimama nyuma ya pazia. Wiki chache baadaye yule mama wa Kizungu alipouliza amezikwa nani, hayo ndiyo yaliyokuwa yamemjaa kifuani, na hayo ndiyo yaliyotoka. Kisha aliyarudia kwa Kiingereza, kundi baada ya kundi, yakawa maneno ya kazini. Alikuwa amesahau yana mwenyewe.

Angela alikuwa analia. Elineema amevua kofia. Warda hakulia. Alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma tangu hadithi ilipoanza, sasa kichwa kilikuwa kimetulia. Hakumtazama mumewe. Alitazama tuta, akatazama kitambaa, akainuka taratibu akaanza kukifungua.

"We Warda!" Bimkubwa akamaka. "Nadhiri haifunguliwi!"

"Hii yangu naifungua."

Alimwaga mchanga juu ya makaa, akachukua chetezo chake kikiwa bado kina joto, akakifunga na kitambaa. "Wageni wetu, mtaniwia radhi," akasema, akaenda zake kwa kile kijia cha minazini.

Elineema alingoja mpaka amefika mbali. "Mwongozaji, kuna mahali tumekosea?"

Sadick alitamani ardhi ipasuke immeze. "Hamkukosea. Hapa hapakuzikwa mtu, mwalimu. Ni tanuri la chokaa. Mwana Aziza nimemtunga mimi."

Angela alijifuta uso haraka haraka, kama mtu aliyetapeliwa machozi yake.

"Umemtunga," Bimkubwa akasema. Sadick alijiandaa kwa matusi, maana kwa Bimkubwa matusi hayakuwa shida. Lakini mama yule alinyoosha kidole tu kuelekea kichakani. "Kile cha pili ni cha mwanangu Biubwa. Anakuja hapa kila Ijumaa. Haya, mimi nikamwambieje?"

Walimu walikaa chini wakavaa viatu vyao, mmoja mmoja, wakimpa mgongo. Hawakutaka tena kwenda kuwaona popo. Aliwasindikiza mpaka kwenye boti, wakamshukuru kwa adabu, na ile adabu ilimuumiza kuliko ambavyo wangemzomea.

Alifika nyumbani baada ya alasiri. Warda alikuwa amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka. Sadick alisimama uani, hakupanda.

"Nilikuwa namwomba anipe mtoto," Warda akasema bila kuinua macho. "Nimemlilia, nimemweleza yangu yote. Nikasema huyu ataelewa, yamemkuta. Kumbe najiomba mwenyewe."

"Warda, nisamehe. Sikujua kama unakwenda pale."

"Ungejua ingekuwaje? Wengine wakienda si uliwaona?"

Sadick akainama. Ilikuwa kweli tupu.

"Kwa Kizungu husemaje?" Warda akauliza.

"Nini?"

"Maneno yangu. Hebu yaseme nisikie wanavyosikia wao."

Alikataa, akakazaniwa, akayasema, huku anatazama chini. Warda aliyasikiliza mpaka mwisho, lugha asiyoijua hata neno, akaendelea kusuka.

"Na wao hulia?"

"Baadhi yao."

"Na wewe?"

Siku ile ya msiba alikichukua kile kifurushi kidogo yeye mwenyewe, akaenda nacho na wanaume, akarudi akasema, "Tumemaliza," akauliza kama kuna maji ya kuoga. Baada ya hapo hakulitaja tena. Warda alijaribu mara mbili tatu kuanza, na kila mara Sadick alikumbuka kuna mtu anamngoja Utende. Angeweza sasa kusema hakulia. Ingekuwa nafuu. Lakini alikuwa amechoka na uongo.

"Nililia."

"Lini? Mbona mimi sikukuona?"

"Siku ya kwanza nilipoisimulia. Pale pale tanurini."

Mikono ya Warda ikasimama. "Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni."

"Nani alikunyamazisha?"

Haya zilimpanda Sadick mpaka masikioni. "Yule mama wa Kizungu. Alinishika mkono mpaka nikatulia."

Warda aliukunja ukili wake vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, akauweka kwapani, akasimama.

"Mimi nilikuwa humu ndani," akasema. "Nilikuwa humu humu ndani, Sadick."

Akaingia. Mlango hakuufunga, lakini Sadick hakuthubutu kupanda baraza.