Firigisi ya Mzee Mbonile

Lusubilo hakuwa na ofisi yenye mlango. Hakuwa na kiti cha pili, wala koti jeupe, wala miwani ya kumwongezea umri. Hakuwa na mke, na hilo kina mama wa Igamba walilitaja kabla ya kumwuliza jina. Ndevu zake zilikuwa chache kiasi cha kuitwa moja moja kwa majina. Kupika hakujua, hivyo tangu alipohamia hapa kutoka kwao Ileje alikula chai na maandazi asubuhi, na jioni akabadilisha: maandazi na chai. Tena yeye alikuwa mshauri nasaha wa kituo cha afya, mtu aliyesomea kuwasikiliza vijana waliolemewa na hofu na huzuni, na kikubwa alichokosa ni kijana wa kusema naye.

Kijana mwenyewe alikuwapo. Aliitwa Gwantwa, mwenye miaka kumi na minane, wa kidato cha nne. Katika mtihani wa majaribio mikono yake ilitetemeka mpaka kalamu ikaanguka, pumzi ikambana, akatolewa nje akiamini anakufa. Toka siku ile usingizi ulimpaa na chakula kikamchukia. Akarudishwa nyumbani kwa babu na bibi yake waliomlea. Mkuu wa shule, mtu mwungwana, alituma ujumbe: kituo kikiandika barua ya kueleza hali ya binti, naye akaipata Ijumaa, atamwombea chumba cha peke yake kwa mtihani wa taifa. Isipofika, basi mpaka mwaka ujao.

Sasa Lusubilo aandike nini? Vikao vitatu vilikwisha pita nyuma ya pazia la kitenge, kwenye stoo ya vyandarua. Kiti alimwachia Gwantwa, yeye akakalia ndoo. Kila alichouliza alijibiwa, "Sijambo." Hata alipouliza kama nje kuna mvua.

Jumatatu, kikao cha nne, Gwantwa akauliza yeye.

"Kaka, ninachosema humu kinabaki humu?"

"Kinabaki. Isipokuwa uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini. Hapo nitasema, na wewe nitakuambia kwanza."

"Hata babu akikuuliza?"

"Hata babu."

"Wewe humjui babu." Akatabasamu, tabasamu la mbuzi aliyeliona pengo kwenye uzio wa shamba. "Haya, pokea hii. Meno ya babu ninayo mimi."

Lusubilo nusura aanguke kutoka kwenye ndoo. Meno ya Mzee Mbonile yalijulikana hadi Mbozi Mission. Yalikuwa ya bandia, ya juu na ya chini, yaliyotengenezwa Mbeya, na kwa meno hayo mzee yule wa kanisa alisoma neno, alitoa matangazo na kuimba sauti ya nne. Yalipotea Jumamosi. Vitanda vilikuwa vimepinduliwa, mbwa akashukiwa, na Jumapili mzee alikaa benchi la nyuma akiitikia kwa kichwa.

"Yako wapi?" ulimi ukamponyoka.

"Kwenye debe la maharage ya mbegu."

Hapo Lusubilo akatamani angeuliza habari za mvua.

Kesho yake akaitwa chakula cha mchana nyumbani kwa Mzee Mbonile. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Jogoo akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mkwe hapewi. Mwenye nyumba akiitoa kwenye sahani yake na kuiweka kwenye yako, amekufanya mtu wa ndani, na mtu wa ndani akishaila hana swali la kumnyima mzee. Wanaume wazima walikwisha kiri mengi kwa kitoweo hicho.

Gwantwa alimnawisha mgeni mikono bila kumtazama usoni, kisha akarudi jikoni. Mlango akauacha wazi kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, daktari," alisema mzee, midomo imemwingia ndani kama mfuko uliofungwa kamba. Mbele yake palikuwa na bakuli la uji. "Bibi yako Loisi amemchinja jogoo. Mimi kutafuna siwezi, unaniona. Nitafunie wewe." Akaichukua firigisi kwa vidole viwili, akaiweka juu ya ugali wa mgeni. "Kisha unijibu kaswali kadogo tu. Huyu mtoto amekuambia nini kuhusu meno yangu?"

Jikoni mwiko ulinyamaza.

Lusubilo akaitazama firigisi. Ilikuwa imekaangwa ikaiva rangi ya udongo wa Mbozi, inang'aa mafuta, na kitunguu kimoja kimeilalia. Miezi mitatu ya maandazi ilimpigia kelele tumboni.

"Babu, yanayosemwa kule siyatoi nje. Kama yapo, siyatoi. Kama hayapo, sisemi kwamba hayapo."

"Hata uhai ukiwa hatarini? Mimi ni mtu wa kusoma, najua mna sharti hilo. Hii siku ya nne nakunywa uji. Nikifa je?"

"Uji wa ulezi, babu, una nguvu kuliko nyama."

"Tena amenenepa!" akadakia Bibi Loisi.

"Loisi, nyamaza. Kijana, nusu ya kijiji hiki nimewasimamia ndoa. Wewe hata ndevu hazijakubaliana kuota, unanikatalia nyumbani kwangu, na kuku wangu mkononi?"

"Nakukatalia, babu, unisamehe. Lakini nikikuambia ya mwingine leo, kesho ukija na siri yako utaniamini?"

"Mimi sina siri."

"Nianzie ya ngapi?" akauliza Bibi Loisi kwa upole.

Mzee akarudi kwenye uji wake. Lusubilo alikula ugali, akala mboga za majani, akala hata kile kitunguu, ila firigisi hakuigusa. Sahani ilirudi jikoni na firigisi juu yake, nzima. Gwantwa ndiye aliyeipokea.

Jumatano alifika stoo kabla ya mshauri, akakalia ndoo.

"Umeiacha."

"Nimeiacha."

"Uliitaka?"

"Nimeiota."

Gwantwa akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na kilio kikaleta maneno. Shuleni alimweleza matroni kwamba halali. Alimwomba iwe siri. Kabla ya chakula cha jioni wasichana wa bweni walikuwa wakiigiza mikono yake inavyotetemeka. Aliporudi nyumbani, babu akasimama kanisani kuomba maombi kwa ajili ya "mjukuu wangu Gwantwa, mwenye pepo la uvivu". Alimtaja kwa jina, na watu wote wakageuka.

"Ukayachukua meno ili asiseme tena," alisema Lusubilo.

"Niliyachukua ili naye ajue kuogopa kufungua mdomo mbele za watu."

Lusubilo hakumhubiria. Alimwuliza waziwazi kama amewahi kufikiri kujidhuru. Gwantwa alisema hapana, ila kumchapa matroni kwa mwiko amekufikiria sana. Wakazungumza mpaka saa sita: kifua kinabanaje, hofu inaanzia wapi, na kipi huipunguza.

"Na meno?" aliuliza binti akiondoka.

"Meno gani?"

Jioni ile Gwantwa alimkalia babu yake mbele na kumwambia yote, kanisa na aibu. Mzee alitaka kumkatiza kama ilivyo ada, lakini bila meno kila neno lilimtoka na mate. Ikambidi asikilize mpaka mwisho, pengine mara ya kwanza katika maisha yake. Alipokwisha kusikia, aliinamisha kichwa. Ndipo binti akamwekea kiganjani kitambaa kilichofungwa, kinanukia maharage.

Alhamisi kijiji kikatangaziwa kwamba meno yamepatikana kwenye koti la ibada, na kwamba mzee mwenyewe aliyaweka huko, ili awajaribu watu wa nyumba yake. Akapita kituoni kuonekana.

"Ulijua?" alimwuliza Lusubilo.

"Umependeza, babu."

Mchana Gwantwa alifika na hotpoti. Barua ikaandikwa mbele yake, mstari kwa mstari.

"Andika mikono inatetemeka na pumzi inabana. Andika nikikaa karibu na dirisha natulia. Ya kanisani usiandike."

"Na meno?"

"Meno hayafanyi mtihani."

Akaisoma mara mbili, akafuta neno moja, akakubali. Bahasha ilikuwa ya zamani na gundi yake imekauka, hailambiki wala haishiki. Gwantwa akafungua hotpoti. Kulikuwa na ugali, na juu yake firigisi.

"Babu anasema hii haina swali."

"Zawadi tunazitolea taarifa. Nitamwambia msimamizi wangu kwamba nimepokea," alisema Lusubilo, na alikuwa ameshaanza kutafuna.

Gwantwa akamega tonge dogo la ugali, akalisugua kwenye ukingo wa bahasha, akaifunga, akaikandamiza kwa ngumi. Kisha akatoka nayo mwenyewe hadi barabarani, akasimamisha Kosta, basi dogo la kwenda Vwawa iliko shule, akamkabidhi kondakta na kumwambia, mbele ya abiria wote, kwa sauti iliyotetemeka kidogo tu, "Hii ni ya mkuu wa shule. Ifike leo."