Sato wa Kielelezo

Asubuhi ya kesi, Paskalina alichemsha viazi, akavifunga kwenye kitambaa kwa ajili ya mumewe, Bujiku, akaenda navyo mahakamani na kukaa benchi la nyuma. Mezani kwa hakimu palikuwa na karai la sato wachanga waliokwisha kukauka. Hicho ndicho kilichokuwa kielelezo cha mashtaka.

Bujiku aliwaokota mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki. Meli ya kampuni ilikuwa ikivua karibu na nchi kavu, ikichukua wakubwa na kutupa wadogo wakiwa wamekufa, na mawimbi yakiwaleta ufukweni. Nani pale mwaloni hakuwahi kuwaokota? Zamani ukikamatwa nao ulilipa faini, ukarudi nyumbani kununa. Sheria mpya ilisema kukutwa na samaki wachanga ni miaka mitatu jela. Aliyeililia sheria hiyo kila mkutano wa uvuvi alikuwa meneja wa meli, na leo alikaa benchi la mbele kama shahidi, ndani ya suti yake ya kaunda.

Hakimu alipouliza samaki ni wa nani, sato wakageuka ndani ya karai, vichwa vyote vikamwelekea meneja. Hakimu akawarudisha kwa rula. Wakageuka tena. Meneja akahamia karibu na dirisha, nao wakamfuata.

"Iandikwe kwamba kielelezo kinageuka," hakimu akasema kwa uchovu. "Lakini sheria haiulizi samaki wanamtazama nani. Inauliza walikutwa kwa nani."

"Kwangu, mheshimiwa," Bujiku akajibu. Hakujua kusema uongo, na siku hiyo Paskalina alimchukia kidogo kwa hilo.

Husemwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa mwaloni ulikata upande mmoja. Bujiku alipelekwa gerezani Shinyanga, na kielelezo kikapelekwa pamoja naye kiwe kitoweo, maana chakula hakitupwi. Naye akala fungu lake.

Paskalina alipokwenda kumwona, alimkuta amempa mgongo.

"Shikamoo, afande. Mbona hageuki?"

"Marahaba, Mama Zipora," akajibu Masele, askari wa zamu. "Waliokula wale sato wote wako hivyo. Hutazama aliko meneja. Shambani tunawageuza kila mwisho wa tuta, kama maksai. Zunguka upande ule, mayu, utamwona uso."

Akazunguka. Akazoea. Kilichomuuma ni kujua kwamba mumewe alimtazama kwa sababu tu amekaa kwenye njia ya macho yake.

Mwaka wa pili, msimu wa pamba, aliweka kigoda mahali pake pa siku zote, akakuta mgongo.

"Meneja yuko mjini leo," Bujiku akasema.

"Amekuja mkutanoni," Masele akaeleza. "Wanataka kifungo kiwe miaka saba."

"Kwa wenye meli?"

"Kwa atakayekutwa nao."

Paskalina akahamisha kigoda, akaketi mbele ya uso wa mumewe.

"Zipora ameng'oka jino," akamwambia.

Bujiku akatabasamu. Kisha shingo yake ikaanza kugeuka polepole, kwani mkutano ulikuwa umekwisha na gari la meneja lilikuwa likipita barabara ya stesheni. Paskalina akanyanyuka tena na kigoda chake.