Milango Iliyowahi

Kazini walimwita Bi Rangi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kugawa rangi. Kampuni ilikuwa inajenga nyumba za kuuza, na kila aliyeleta vifaa, awe wa saruji, mabati au vioo, alipimwa kwa jambo moja tu: kafika siku aliyopangiwa au hakufika. Aliyefika alipata kijani, aliyechelewa nyekundu, na nyekundu tatu zilimtoa mtu kazini. Kama alicholeta kilihitajika siku hiyo au la, hakuna aliyeuliza. Wakubwa waliupenda mpango huo kwa vile ulieleweka hata na mtu asiyewahi kukanyaga tope.

Mleta milango alikuwa mjomba wake, seremala aliyemlea na kumsomesha kwa randa na msumeno. Mzee huyu alikuwa na tabia mbaya ya kuuliza. Kabla ya kupakia aliwapigia simu wajenzi: mmeshaezeka? Wakisema bado, habanduki kwake. Hivyo akajikusanyia nyekundu mbili, zote kwa mkono wa mpwa wake.

Jumapili Bi Rangi akamwendea karakanani kumbembeleza. Akamwambia kuwa nyekundu ya tatu hataweza kumfichia, na bila kazi ile karakana itafungwa na mafundi wake watatawanyika.

"Lakini nyumba hazina paa, mwanangu," mjomba akasema.

"Paa si lako, mjomba. Wewe wahi tu."

Akawahi. Milango ilifika asubuhi na mapema, imepigwa msasa mpaka inateleza, ikapangwa kwenye vyumba visivyoezekwa chini ya turubai moja lililochanika. Stoo ilikuwa imejaa vigae vya sakafu vya mtu mwingine aliyewahi pia. Bi Rangi akaweka kijani, roho ikamtulia. Mvua nayo haipigi hodi. Ilinyesha mfululizo, mbao zikavimba, zikapinda, na msimamizi akaikataa milango yote. Mjomba akaambiwa asilete tena. Sababu ilikuwa ubora. Kuhusu muda hakuwa na doa.

Kwenye kikao cha mwisho wa mwezi chati nzima ilikuwa kijani. Mkurugenzi akampongeza Bi Rangi, wenzake wakapiga makofi, naye akajichukia kwa kuwa alitabasamu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kinaweza kuwa kinakupenda.

Alitoka pale akaenda moja kwa moja karakanani. Mafundi walikwishaondoka na vifaa vyao. Mjomba alikuwa peke yake, ameshika shoka, anaipasua milango iliyorudishwa kuwa kuni. Bi Rangi alijiandaa kutukanwa, na kwa kweli alitamani atukanwe, lakini mzee alimsogezea kigoda akae, kama alivyomfanyia tangu utotoni.

"Na safari hii nilipata rangi gani?" akamuuliza.

"Kijani, mjomba."

"Afadhali," akasema, akavuta mlango mwingine.