Gunia Lisilo na Jina

Gunia lilikuja uchi, jeupe pande zote, bila hata herufi moja. Mzee Kiptum aliligeuza pale uwanjani kwa chifu, akalinusa, akasonya.

"Boss, haya mahindi yametoka wapi?" akamuuliza afisa aliyeleta chakula cha msaada Kuresoi.

"Mzee, mahindi ni mahindi."

"Hata ng'ombe wangu ana alama sikioni. Haya ni yale ya kubadilishwa mbegu kwenye maabara?"

"Tukiandika, watu wataogopa bure."

"Kama ni bure, mnaficha nini?"

Jirani yake Kahiga akadakia, "Chukua, mzee! Ukiota mkia tutakufunga na mbuzi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Alichukua, maana njaa haina kiburi, lakini akamwonya Cherono, mke wa mwanawe, asiliguse. Wakubwa hakuwaamini tena tangu mkewe Jemutai afie katika hospitali ambayo dawa zake zilikuwa kwenye hotuba tu. Alichomwachia ni mbegu: mahindi yaliyoning'inia juu ya moto na maganda yake, moshi ukiyakinga na wadudu. Kila msimu Jemutai alipanda, akachagua mazuri, akatundika mengine. Hawakuwahi kuomba mbegu dukani.

Asubuhi baada ya mvua ya kwanza, Kiptum akaingia jikoni kuyachukua. Juu ya moto palikuwa patupu.

"Mbegu ya mama iko wapi?"

"Paa limevuja usiku, Baba. Nikaona itaoza, nikapukuchua."

"Ukaweka wapi?"

Cherono akalitazama lile gunia. "Si yote ni mahindi meupe?"

Mzee akazamisha mkono hadi kiwiko, akatoa punje, akazipeleka mlangoni penye mwanga. Zilifanana kama mapacha. Akajaza kopo, akamfuata afisa kwa chifu.

"Nitenganishie."

"Kwa macho hayatofautiani, mzee."

"Si ndiyo maana mngeandika!"

"Panda tu yote. Hayana shida."

"Na yakiwa na shida, nitakupata wapi?"

Afisa akapanda gari, akafunga kioo.

Njiani, majirani walikuwa wameinama mashambani wakipanda. "Mzee, mvua haikungoji!" Kahiga akamwita. Kiptum akapita. Alijua mahindi yakichanua pamoja, upepo huyafungisha ndoa bila kuomba ruhusa kwa mtu. Msimu mmoja tu, na mbegu ya Jemutai isingekuwa yake tena. Labda ndivyo walivyotaka huko juu, kila mkulima apige foleni dukani.

Nyumbani akachota punje za sufuria moja kutoka guniani, akatia maji, akaiweka motoni.

"Chemsha. Haya hayapandwi."

Cherono akashika mdomo. "Baba, na mbegu ya mama imo humo!"

"Imo. Nionyeshe ni ipi."

Cherono akazitazama punje, machozi yakimlenga.

"Na wewe huogopi kuyala?"

"Nikifa, nimekufa peke yangu. Shamba lisife. Wewe jipikie viazi."

Maji yakaanza kutokota. Mzee akavuta kigoda karibu na moto.

"Weka chumvi," akasema.