Kiwiko cha Rénovat

Siku ya kumaliza matanga ya mume wangu Rénovat tuligawa nguo zake zote, kama desturi yetu ilivyo. Ndugu zake wa Katogota walibeba hata kandambili zilizokatika. Sikulia. Nilibaki na gari lake la zamani la mbio, la viti viwili, na ndani ya mlango wa dereva palikuwa na shimo ambalo kiwiko chake kilichimba kwenye sponji kwa miaka. Kila jioni nilikaa humo, nikaweka kiwiko changu hapo.

Jana nilitoka kanisani, nikamkuta binti yetu Noella uani, hapa Songo, kando ya gari na fundi Bruno. Wanacheka.

"Mama, angalia milango! Ngozi mupya, sponji mupya!"

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Tuliichoma, mama," Bruno akasema. "Ilikuwa imeoza."

Matusi yalinijaa mdomoni. Lakini Noella alinitazama kwa macho ya baba yake, akingoja asante. Nikaingia garini, nikafunga mlango, nikaegemeza kiwiko.

"Iko muzuri," nikasema.

Kiwiko kikateleza, mkono ukaniangukia pajani.