Msonyo wa Shangazi Theodora

Msonyo una mwanzo, katikati na mwisho. Anayedhani ni kelele tu ya mdomo hajawahi kusonywa na shangazi yangu. Kwanza midomo inachomoza. Kisha hewa inavutwa kwenye meno taratibu, na wakati huohuo macho yanakushuka hadi kwenye viatu na kukupanda tena. Mwisho shingo inageukia upande, na ukifika hapo jua maongezi yamekwisha.

Nayajua haya kwa sababu nimelelewa nayo, hapa Mwankoko, Singida, na kwa sababu kazi yangu ni kuchora sura zinazochezacheza, zile stika ambazo watu hutumiana kwenye simu wakichoka kuandika. Kaka zangu huiita kazi ya katuni na huniuliza nitatafuta lini kazi ya kweli. Nimechoka kuwajibu.

Mwaka huu kampuni moja ya Dar es Salaam ilinipa kazi ya kuchora sura za mchezo wa bao wa kwenye simu. Mwenzako akila kete zako, unamrushia sura. Niliwaambia mapema kwamba sitawachorea yale maandazi ya njano yanayotoa machozi kwa kucheka, ambayo hayana kwao wala ukoo. Nilitaka watu wanaokasirika kama watu wa kwetu. Msimamizi wa mchezo, Benson, alikubali. Sasa naona alikubali haraka mno.

Sura niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya shangazi Theodora mwenyewe, na kilemba chake, na pengo lake la mbele. Nilimwomba ruhusa. Akauliza ataonekana akifanya nini, nikamwambia akisonya. Akasema hilo analiweza, ila nisimchoree kitu asichokifanya. Nikamwahidi. Nikakaa naye jikoni na simu mkononi, nikamwambia kwamba ugali wa unga wa dukani ni mtamu kuliko wake wa uwele. Sikuhitaji kumwambia mara mbili.

Nilichora msonyo wote, kuanzia midomo hadi shingo, nikamtumia Benson nakala ya majaribio pamoja na sura nyingine. Faili zenyewe, zile zinazohitajika ili mchezo utoke, nilibaki nazo kama tulivyokubaliana.

Jumapili moja shangazi alitoka kanisani, akanipa simu yake. Kwenye kioo lilikuwa limefunguka kundi la kwaya. Alute, mpiga kinanda, ambaye ni mgane, alikuwa mmoja wa waliopewa mchezo waujaribu, naye alikuwa ameirusha sura ya shangazi kundini. Kilemba kilikuwa chake. Pengo lilikuwa lake. Midomo ilichomoza, moyo mwekundu ukaruka kutoka mdomoni, kisha ikaanza upya. Busu, busu, busu. Chini yake wanakwaya walikuwa wanacheka, na mmoja alishauliza ndoa itatangazwa lini.

"Eliana," shangazi akasema, "hapa namtaka nani?"

Shangazi ni mjane, na sijawahi kumsikia mtu akimtania hivyo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha aibu ikageuka hasira, nayo ilinifaa zaidi.

Nikampigia Benson kwa video. Alieleza bila wasiwasi wowote kwamba sura ndefu hula bando, kwa hiyo waliikata. Katika kuikata yakapotea macho, ikapotea shingo, ikabaki midomo peke yake. Waliojaribu wakaona ni busu, wakaipenda mno, basi ofisini wakaongeza moyo na kuibatiza Bibi Busu. Nikamwambia airudishe ilivyokuwa au aitoe. Akasema ndiyo inayopendwa kuliko zote, hiyo ikitoka zinatoka zote, pamoja na mkataba wangu. Alisema kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto. Halafu akaongeza kwamba nje ya Singida hakuna atakayejua huyo mama ni nani.

"Mimi nitajua," nikamjibu.

Lakini sitajidai. Kazi ile niliitaka. Jina langu lingeonekana kila mtu anapofungua mchezo, na kaka zangu wangenyamaza. Kwa muda mfupi nikajikuta nauliza itakuwaje nikibadilisha kilemba na kuziba pengo. Benson akadaka hapohapo, akasema naam, hayo ndiyo maongezi.

Shangazi alikuwa mlangoni anapepeta uwele, na alikuwa amesikia yote. Akaweka ungo chini, akaja, akainamia simu.

Benson akamwamkia kwa adabu, shikamoo mama, naye akaitikia marahaba, maana marahaba hanyimwi mtu. Benson akamweleza jinsi anavyopendwa, kwamba ni busu la heshima tu, la bibi kwa wajukuu, na akamwomba ruhusa.

Shangazi akachomoza midomo.

Mtandao wetu ni wa kubahatisha, na nadhani picha ilikwama kwake palepale, kwa sababu nilimwona anaanza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyepewa busu na shida zake zikaisha. Huku kwetu hewa ilikuwa bado inapita kwenye pengo. Macho yalishuka, yakapanda. Shingo ikageuka. Shangazi akarudi kwenye ungo wake.

Ndipo picha ikaachia kule Dar es Salaam. Niliona tabasamu likimfutika Benson usoni, taratibu, likachukua muda uleule wa msonyo.

"Umeona msonyo unavyokwisha?" nikamuuliza. "Huko ndiko mlikokata."

Akaniambia nifikirie mkataba. Nikamwambia nimeshaufikiria: faili ya shangazi siitoi, na za wengine siwezi kuzitoa kwa watu wanaokata watu katikati. Kesho yake sura ya moyo ilikuwa imeondolewa kwenye mchezo, na jina langu pia. Iliniuma, na bado inaniuma, lakini sikumpigia tena.

Msonyo mzima nikautia kama stika kwenye simu ya shangazi. Alute alikuwa ameandika kundini maneno marefu ya kuomba radhi, na mstari wa Zaburi, na mwishoni akauliza kama anaweza kupita nyumbani jioni kuomba radhi ana kwa ana.

Shangazi akasoma hadi mwisho. Akaniuliza inabonyezwa wapi.

Nikamwonyesha. Akabonyeza.