Mlio Chini ya Shamba la Tekla

Vuli ya mwaka 1929, kaskazini mwa Uswidi, kazi yangu ilikuwa kuandika vipimo katika kikosi cha watafuta madini. Mbele yangu alitembea Helmer Burvall, mzaliwa wa kijiji cha hapohapo, Myrnäs, amebeba fremu ya mbao iliyozungushwa waya, na vipokea sauti masikioni. Tulikuwa tumetandaza waya mrefu kinamasini na kuupitishia umeme wa jenereta. Helmer aliiinamisha fremu mpaka mlio ufe masikioni mwake. Penye mwamba mtupu ulikufa upesi. Penye madini ulikataa kufa.

Siku tatu ulikufa, nami nikaandika namba ndogondogo. Siku ya nne, kando ya uzio wa mama yake, Helmer alisimama ghafla.

"Andika sifuri."

"Mbona umepauka hivyo?"

"Baridi. Andika, Frans!"

Nikaandika. Kwenye zizi, sifuri. Kisimani, sifuri. Jasho lilimtiririka, ingawa majani yalikuwa meupe kwa jalidi.

Mama yake, Tekla, alituita tunywe kahawa.

"Umesikia nini huko, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama. Mawe tu."

"Mawe ndiyo yanakufanya umwage kahawa?" Alicheka peke yake.

Jioni injinia Lindahl, mkuu wa kikosi chetu, alifungua kitabu changu. "Sifuri nane mfululizo? Hata mwamba mtupu hutoa namba ndogondogo."

Kesho yake alivaa vipokea sauti mwenyewe. Alizunguka kisima, zizi, kisha ukuta wa jikoni, akichomeka vigingi vyekundu kila mlio ulipokataa kufa. Cha mwisho alikipigilia mbele ya ngazi za mlango. Hakumkemea Helmer hata kidogo, na hilo ndilo lililotutisha.

Mashine ya kuchoronga mwamba ilikuja na theluji. Mita arobaini chini ikakuta madini. Wiki hiyohiyo kisima kikakauka. Helmer aliacha kazi, akawa anamletea mama yake maji ya mtoni kwa sleji, kigari cha kuteleza thelujini.

Mwezi Machi ikaja amri ya kuhama kupisha mgodi. Tuliibomoa nyumba gogo kwa gogo, Helmer akiyatia namba kwa chaki, tukaisimamisha upya ng'ambo ya mto. Nyuma yetu baruti zililipuka mchana kutwa, vikombe vikagongana kabatini.

Tekla aliikanyaga sakafu kwa kisigino, kama anayesikiliza.

"Frans, huku mmeshapima?"

"Bado, mama."

Akaanza kutandika kitanda.